Historia ya Bi Macho, Aliyepeleka Pole Mlango kwa Mlango

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mliofika, wengine kwa treni ya alfajiri na wengine kwa kushuka ngazi tu, familia inaomba mkae, mwenye kiti akae kwenye kiti na asiye na kiti aegemee ukuta, kwa sababu maisha ya mtu mzima hayasomwi kwa haraka, na marehemu mwenyewe hakumpenda mtu anayesikiliza huku anaangalia saa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1954, mtoto wa nne kati ya watoto sita wa mchimba visima na muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili kando ya reli, na mkunga aliyempokea alisimulia mpaka anakufa kwamba mtoto huyu hakulia kama wenzake, bali aliitazama taa, akamtazama mkunga, akamtazama na mama yake kama mtu anayekagua bidhaa kabla hajaipokea, ndipo akalia, na jina la Macho alilipata siku hiyo hiyo, lile jina jingine la kwenye vyeti likabaki kuwa kazi ya makarani.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza Januari 1962 na akaishia darasa la nne mwaka 1965, si kwa uzito wa kichwa, maana kichwa alikuwa nacho na cha akiba, ila mwalimu alimwita baba yake akalalamika kwamba mtoto anakodolea dirisha siku nzima, naye mzee akajibu kwamba kama ni kukodoa hata nyumbani madirisha yapo, akamshika mkono wakaondoka. Mwaka 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kazi yake ikiwa kukata miche kwa waya, kazi inayotaka jicho lililonyooka, na kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna mche wake uliorudishwa kwa kupinda.

Tarehe 14 Julai 1973 alifunga ndoa na fundi wa reli aliyejulikana kwa jina la Nati, kwa sababu mifuko yake haikukosa nati na mkewe hakukosa mifuko ya kushona, na dada mkubwa wa bwana harusi, yaani wifi yake, alipoulizwa kama ameridhika alisema ameridhika, ila bibi harusi anakodoa mno, atatutia aibu mbele za watu, na marehemu aliposikia akamjibu, “Wifi, nisipotazama nitajuaje nimeolewa wapi?” na kuanzia hapo wawili hao walielewana kwa namna ya mawifi, yaani kurushiana maneno asubuhi na kula sahani moja jioni.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1975, na wa pili wa kike, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1979, na huyu wa pili ndiye aliyeng'oa nyumba nzima ikahama, kwa sababu alizaliwa na moyo wenye tundu, akitembea kidogo anachuchumaa, midomo inageuka rangi ya wino, kucha nazo hivyo hivyo, na usiku mama yake alikuwa akilala ameweka sikio kifuani pake, analala bila kulala, anasikiliza kama pumzi inayofuata itakuja. Daktari wa mji ule alisikiliza kwa kifaa chake, akakiondoa masikioni polepole, akasema kwamba hapa hakuna mtu wa kuufungua moyo huu akauziba na kuufunga tena, na usipozibwa mtoto hatamaliza hata darasa la kwanza.

Wakati huo Nati alikuwa tayari ugenini, amechukuliwa kwa mkataba na kampuni ya reli ya nchi nyingine tangu mwaka 1981, na huko akaambiwa na wakubwa wake kwamba mtoto wa mfanyakazi anatibiwa katika hospitali kubwa, sharti moja tu, awe anaishi na baba yake katika nyumba inayojulikana, kwa hiyo akatuma neno kwamba mke aje, mtoto aje, mtoto mkubwa abaki kwa bibi yake mpaka amalize shule, na dada mkubwa naye aje kusaidia kubeba, kwa kuwa ni mjane na hana wa kumzuia, jambo ambalo dada mkubwa aliona lingeweza kusemwa kwa adabu zaidi.

Walisafiri tarehe 15 Januari 1984, wanawake wawili na mtoto mmoja, na ndege ilipoacha ardhi wifi alifumba macho, akashika mikono ya kiti, akawa hana habari na dunia, lakini marehemu alibandika paji la uso kwenye kioo cha dirisha, akauona mji wao wote ukiingia chini ya bawa kama shuka inayokunjwa, kiwanda cha sabuni kikawa na ukubwa wa mche mmoja, reli ikawa uzi, halafu mawingu yakafunika kila kitu, na ndege ikayatoboa ikatokea juu yake, kwenye jua ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba lipo, jua linalowaka kimya juu ya mvua ya watu wote. Alimgusa wifi yake, akamwambia, “Fumbua, wifi, huku juu kweupe, halafu hakuna hata mtu mmoja,” naye wifi akamjibu bila kufumbua kwamba kama watu wamekosekana watakuwa na sababu zao. Katikati ya safari midomo ya mtoto ilianza kuwa ya wino, mhudumu akaleta chupa yenye mpira na kinyago kidogo, akamfunika pua, na marehemu akaangalia wino ule ukififia mpaka midomo ikarudi kuwa midomo, akaiangalia ile chupa kuliko alivyoyaangalia mawingu, hewa imefungiwa ndani ya chupa kama mafuta ya taa, na kuna watu wanajua kuifungia.

Uwanja walioshukia ulikuwa na ngazi zinazotembea zenyewe, na wifi alipoziona alisema yeye hapandi kitu kisichojua kusimama, akatafuta ngazi za kawaida akashuka kwa miguu yake na mzigo kichwani, na alifika chini wenzake wameshafika zamani na Nati ameshawapokea, amevaa koti zito lililomfanya aonekane kama mtu aliyemeza mtu mwingine. Walipotoka nje kwa mlango wa kioo uliofunguka bila kuguswa, baridi iliwapiga usoni kama iliyokuwa ikiwasubiri wao, na marehemu akaona moshi ukitoka kinywani mwa mtoto. Alimziba mdomo kwa kiganja, akidhani kilichomo ndani kimeshika moto, akamwita mumewe kwa sauti iliyogeuza shingo za watu, na katika kuita huko akauona moshi ule ule ukitoka kinywani mwake mwenyewe, na mwa wifi, na mwa Nati, na mwa kila aliyekuwa pale nje, hata mbwa wa askari. Akasimama katikati ya njia, watu wanampita na mizigo yao, anautazama umati mzima ukipumua moshi, na kile kitu ambacho kwa miaka minne alikuwa akikitafuta kwa sikio gizani, sasa alikuwa anakiona kwa macho, kinatoka, kinapotea, kinatoka tena, akamwambia Nati, “Kumbe huku naweza kumuona anavyopumua,” na Nati, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akachukua mzigo mmoja zaidi.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba na jiko katika ghorofa ya tatu ya jengo la ghorofa sita, jengo la kampuni ya reli lisilokuwa na lifti, ukuta umepakwa rangi ya maziwa yaliyokaa, dirisha lina vioo viwili kimoja nyuma ya kingine, na chini ya dirisha kuna bomba la joto ambalo marehemu alilishika, akalitazama linapotokea, akalifuata mpaka linapoingia ukutani, akauliza moto wenyewe unakokwa wapi na nani. Nati alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja tu, kesho yake alitakiwa kurudi na kikosi chake kutandika reli mbali na mji, analala huko huko mpaka mwisho wa juma, kwa hiyo aliwakalisha akawapa maelekezo, akasema, “Msimamizi wa jengo ni mama mmoja anakaa chini, chumba cha karibu na mlango mkubwa, hana mchezo. Msipige kelele, msikae kwenye ngazi. Akitutoa humu hatuna nyumba inayojulikana, na bila nyumba hospitali haimpokei mtoto. Alhamisi asubuhi ndiyo siku yake, mke wa mnyapara wangu atakuja kuwachukua, ikipita hiyo tunangoja mpaka kiangazi.” Hakuna aliyeuliza kama mtoto atafika kiangazi, maana wote walikuwa na macho.

Nati akaondoka, na wanawake wakabaki na jengo. Sasa ni lazima ieleweke kwamba kule walikotoka mlango wa nyumba unashinda wazi tangu watu wanaamka, unapita kuku, unapita mtoto, unapita mwenye shida na asiye na shida, na mtaa ukiuona umefunga milango mchana kweupe, basi wenyewe wamekwenda kuzika. Marehemu alichungulia kwenye ngazi akaona milango yote imefungwa, juu imefungwa, chini imefungwa, akaenda dirishani akaona watu barabarani wamevaa nguo nyeusi kuanzia kichwani mpaka miguuni, wanatembea wameinamisha vichwa, hawasalimiani, hakuna redio, hakuna mtoto anayeitwa kwa kelele, hakuna anayecheka, na saa kumi jioni, amini usiamini, jua lenyewe likazima. Akageuka akasema, “Wifi, hapa kuna msiba, tena mkubwa.” Wifi akaangalia, na kwa kweli hakuona la kubishia.

Walilala na jambo hilo, na asubuhi milango ilikuwa bado imefungwa, ndipo marehemu akasema haiwezekani, wamehamia juzi, watu wako kwenye majonzi, wao wamejifungia wanakula mkate, wataonekana watu wa namna gani. Wifi akamkumbusha kwamba Nati amekataza kukaa kwenye ngazi. “Hatukai,” akajibu, “tunapanda.” Wifi akamuuliza msiba wenyewe ni wa nani, na watasema nini na lugha hawana, marehemu akasema wakipita kila mlango wa mfiwa hautakosekana, na mkono wa pole hauna lugha, halafu akasema lile lililokuwa moyoni mwake tangu uwanja wa ndege, “Siku mtoto akipasuliwa, nani atakuja kukaa na sisi? Tutakaa wawili kama vinyago?” Basi wakajifunga vitambaa vya kichwa, wifi akamweka mtoto mgongoni, wakaanza na ghorofa yao.

Mlango wa kwanza alifungua mwanaume mwenye povu la kunyolea upande mmoja wa uso na upande wa pili umeshanyolewa, marehemu akapiga goti kidogo, akauchukua mkono wake kwa mikono yake miwili, akamwambia poleni sana kwa msiba, na yule bwana akabaki anautazama mkono wake kama kitu kilichoazimwa bila ruhusa. Mlango wa pili alifungua mwanamke kwa mnyororo, akaona vitambaa, akaona mtoto mgongoni, akarudi ndani akaleta nusu mkate, akaupitisha kwenye upenyo, na mlango ukafungwa. Marehemu aliupokea kwa heshima zote, akidhani ndivyo ilivyo huku, akapanda, na kila ghorofa ilikuwa na mambo yake, mmoja alifoka, mmoja aliangua kicheko, wawili hawakufungua ingawa walisikika wakipumua nyuma ya mbao, mzee mmoja alitoa matufaha mawili, mama mwingine akatoa glavu za mtoto zilizofumwa, mpaka walipofika ghorofa ya sita wifi alikuwa amebeba mtoto nyuma na shehena mbele, akasema, “Wafiwa gani hawa, tunawapa pole sisi, wanaogawa ni wao.” Nyuma yao milango ilianza kufunguka na kugongwa, watu wakaitana kwa ngazi, na ile sauti ya kuitana, ambayo marehemu aliipokea kwa furaha akidhani jengo sasa linaamka, ilikuwa ni watu wanateremka kulalamika.

Waliposhuka wakamaliza na ghorofa zilizo chini ya yao, ulikuwa umebaki mlango mmoja, wa chini kabisa, na hawakuwahi kuugonga, kwa sababu ulifunguliwa wangali kwenye ngazi za mwisho. Msimamizi wa jengo alikuwa mama mpana, mwenye nywele za mvi zilizobanwa kwa nguvu, na rundo la funguo kiunoni, na alisema maneno mengi ambayo hawakuelewa hata moja, ila kidole chake kilielekea juu, kikaelekea ghorofa moja baada ya nyingine, kikaelekea mtoto, kikaelekea mkate, kisha kikanyooka kuelekea mlango mkubwa wa barabarani kikakaa hapo hapo, na kidole hakihitaji mkalimani. Wifi akasema kwa sauti ya chini, “Tumeshatolewa. Twende tukafunge mizigo,” na mtoto mgongoni mwake, kwa kupandishwa na kushushwa na kwa baridi ya ngazi, midomo ilikuwa imeanza kuwa ya wino.

Marehemu alikuwa anatazama. Alikuwa anatazama juu ya bega la yule mama, ndani ya chumba, kwenye jozi ya buti za mwanaume zilizowekwa karibu na bomba la joto, buti zimepigwa rangi zikang'aa, kamba zimefungwa kwa mafundo sawasawa, na juu ya mng'aro ule kuna vumbi, vumbi la kutosha kuandikwa kwa kidole, katika chumba ambacho kwingine kote hakikuwa na vumbi hata la kupofusha sisimizi. Buti za mtu anayezivaa hazikai hivyo, na za mtu aliyezihama hazipigwi rangi. Marehemu akampa wifi yale aliyokuwa ameshika, akaushika ule mkono wenye kidole kilichonyooka, akauteremsha kwa mikono yake yote miwili taratibu mpaka ukafika chini, akasema, “Pole, mama. Kumbe ni hapa,” kisha akaingia hatua moja, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akakunja miguu, akanyamaza. Wifi naye akaingia akakaa, na familia inapenda kusema ukweli, alikaa kwa sababu miguu ilikuwa imemwisha, huruma ilikuja baadaye.

Yule mama alisimama. Funguo zilizokuwa zikilia kiunoni zilitulia. Alimtazama mwanamke aliyekaa kwenye sakafu yake, akazitazama buti, akafungua kinywa kama anayetaka kuendelea na ugomvi palepale alipouachia, na badala ya ugomvi likatoka neno moja, fupi, na marehemu hakuijua lugha ile, lakini jina la mtu linajulikana likitajwa, halifanani na maneno mengine. Akafunga mlango kwa ndani, majirani waliokuja kulalamika wakabaki nje na malalamiko yao, akavuta kiti akakaa, akajiona yuko juu ya wageni wake, akakiacha, akashuka sakafuni, magoti yakimnung'unikia, wakakaa hivyo, mtoto katikati amelala na glavu mpya, mpaka giza lile la mapema likaingia dirishani na hakuna aliyenyanyuka kuwasha taa.

Ilichukua miaka kujua kisa kamili, kwamba alikuwa mwanawe wa pekee, mwendesha winchi, aliyefia kazini msimu wa majani kupukutika uliotangulia, na kwamba tangu azikwe hakuna mlango hata mmoja katika jengo lile uliomletea mama yake neno, si kwa ubaya, kila mmoja alidhani mwenzake ameshakwenda. Wako wanaosema Mungu ndiye aliyemwongoza marehemu kwenye mlango ule, na familia haibishani na Mungu, ila katika jengo la watu wengi vile, kukosa mfiwa hata mmoja ndiko kungekuwa kwa ajabu.

Asidhani mtu kwamba kesho yake walikuwa mashoga. Kesho yake msimamizi aligonga mlango wao asubuhi na mapema, akamshika marehemu mkono wa nguo, akamwonyesha viatu walivyoviacha nje, akamwonyesha vinavyotakiwa kukaa, akamkabidhi ufagio na ngazi za ghorofa ya tatu, akashuka bila kuaga, na wifi akasema angalau sasa wanajua kwamba hawajafukuzwa, maana mtu hampi ufagio anayemtoa.

Alhamisi ilifika, mtoto akaogeshwa, akavalishwa, na mke wa mnyapara hakutokea. Baadaye ilijulikana kwamba aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake akavunjika kifundo cha mkono, na marehemu alikwenda kumpa pole huyo naye, lakini asubuhi ile walichojua ni kwamba saa inakwenda, barabara wanaijua kwa kuiona dirishani tu, na siku ya mtoto ikipita imepita. Walishuka hivyo hivyo, wamembeba mtoto, bila kujua watageukia kulia au kushoto, wakamkuta msimamizi anamwaga chumvi kwenye ngazi za nje. Marehemu akamfunulia mtoto uso. Yule mama aliitazama midomo, akauliza neno moja, marehemu akaweka kiganja kifuani pa mtoto, halafu kifuani pake mwenyewe, na hakuwa na kingine cha kueleza. Msimamizi akaweka ndoo chini, akafungua rundo la funguo kiunoni, akalitundika ndani ya mlango wake, kitu ambacho wapangaji wa miaka mingi walisema hawajawahi kukiona, akafungua koti lake, akamchukua mtoto akamfungia ndani yake kifua kwa kifua, akatangulia, na wanawake wawili wakafuata kile kichwa cha mvi, wakapanda nyuma yake kwenye gari la umeme la relini, wakashuka aliposhuka, wakapita milango ya kioo, korido zinazong'aa kama maji, mpaka mbele ya daktari.

Daktari alikuwa kijana, mwenye mikono ya baridi na uso wa kutabasamu, na mfagiaji mmoja wa korido, mwanamke aliyetoka upande wao, akaitwa aache ufagio aje kutafsiri. Walimlaza mtoto, wakampaka mafuta kifuani, daktari akaweka juu yake kitu kidogo kama pasi ya mwanasesere, akakisogeza, na kwenye kioo kilichokuwa pembeni, katikati ya ukungu, kikatokea kitu cheusi na cheupe, kinajikunja, kinajikunjua, kinajikunja, kama ngumi ya mtoto mchanga inayotafuta cha kushika.

“Huo ndio moyo wake, dada,” mfagiaji akasema.

“Wake, au wa mfano?”

“Wake. Sasa hivi tunavyoongea.”

Marehemu alipiga magoti mbele ya kile kioo, si kwa kusali, ni kwamba kioo kilikuwa chini na yeye alitaka kukiona sawasawa. Aliuliza tundu liko wapi, daktari akaonyesha kwa ncha ya kalamu, na kweli hapo palionekana kivuli kikipenya pasipopaswa, kila mpigo, kinapenya, na ngumi ile inajikunja tena, haikasiriki, haipumziki, haijui kama inatazamwa. Miaka minne alikuwa ameusikiliza, na hakujua kama ni mdogo hivi, wala hakujua kama una bidii hivi. Aliita bila kugeuka, “Wifi, njoo uone, anafanya kazi na tundu lake, usiku na mchana, na hakuna anayemsimamia,” na wifi, aliyekuja amefumba macho kutoka nchi moja mpaka nyingine, hilo alikwenda akalitazama, na aliitazama ngumi ile mpaka daktari akazima. Msimamizi alikuwa amebaki mlangoni na kofia mkononi, akamuuliza mfagiaji jambo, na mfagiaji akasema, “Anauliza kama sasa aende zake.” Marehemu akasema, “Mwambie akae. Koti ni lake, mtoto atabebwaje bila koti.”

Mtoto alipasuliwa tarehe 21 Februari 1984. Katika korido ya kungojea alikuwepo Nati, na nati zake mfukoni akizigeuza, alikuwepo wifi, alikuwepo msimamizi, na kabla ya adhuhuri wakaja watu wengine wanne wa jengo lile, mmoja wao yule bwana wa povu, safari hii amenyoa pande zote mbili, wakakaa kwa kujipanga kwenye benchi kama watu waliopotea njia, na wa mwisho kuingia alimpa marehemu mkono kwa mikono yake miwili, vibaya kidogo, lakini miwili. Daktari alitoka jioni akasema tundu limezibwa. Mwezi wa nne, baridi ilipolegea, mtoto alipanda ngazi za jengo lile kutoka chini mpaka ghorofa ya sita, mama yake nyuma yake, amekunja mikono ili asimshike, anatazama tu visigino vidogo vikipanda, na huko juu mtoto aligeuka, mashavu yana rangi ya damu, akauliza kwa nini ngazi zimeisha.

Yaliyobaki ni maisha ya kawaida, na marehemu aliyashukuru kwa kuwa ya kawaida. Mwaka 1985 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali ile ile, akawa mkuu wa wapiga pasi mwaka 1997, akastaafu tarehe 30 Aprili 2014, na mashuka yake yalikunjwa kwa mstari ulionyooka kama reli za mumewe. Mtoto wake mkubwa aliwafuata mwaka 1989. Msimamizi wa jengo alipougua, marehemu ndiye aliyemkalia, na ndiye aliyemfumba macho, tarehe 5 Novemba 1998. Nati alifariki tarehe 12 Agosti 2009. Marehemu mwenyewe alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2021, akawa anapelekwa kusafishwa damu, na hata huko aliwachosha wauguzi kwa kuuliza damu inapita wapi na inarudi na nini, mpaka wakamgeuzia kitanda aione mashine. Hali ilibadilika mwishoni mwa Mei, na tarehe 2 Juni 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini, alifariki dunia, macho wazi, ikabidi tuyafumbe sisi. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wifi mmoja, ambaye bado anasikia vizuri, kwa hiyo watu waseme kwa uangalifu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo kwa kujibu maswali yote, wafanyakazi wa chumba cha kufulia walioleta shuka la kumfunika, wamelipiga pasi wenyewe na limenyooka, na majirani wa ghorofa zote sita, waliokuja juzi kuanzia asubuhi, mmoja baada ya mwingine, wakakaa na sisi, wengine hata hawajui lugha yetu, hawakusema kitu, na ndivyo inavyotakiwa.

Na hili la mwisho nalisema mimi, wifi yake: haya yote mmesomewa na mwanawe wa kike, kitinda mimba, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ambaye alipewa kiti akakikataa, amesoma kuanzia neno la kwanza, maneno marefu na mafupi, pumzi haikumkatika hata mara moja. Lala, wifi, lala kwa utulivu. Huna haja ya kumsikiliza tena, sisi wote tumemsikia.